Kitabu cha cheki kimekufa, kile kijidaftari chake tusikizike

Haya wazazi wenzangu, wakubwa shikamooni, na nyie vijana mliojibanza huko nyuma mambo vipi. Nani bado ana kitabu cha cheki nyumbani? Naona mikono mitatu tu, na mmoja ni wa mzee wetu hapa anayelipia nayo kodi ya nyumba.

Hata serikali ya Marekani imezichoka, Machi 2025 rais alisaini amri kwamba kuanzia 30 Septemba Hazina iache kutoa cheki za karatasi kwa malipo yake mengi. Mimi silii, cheki zenyewe zilikuwa na mambo yake, Septemba 2001 ndege zilipokatazwa kuruka cheki nazo zikakwama maana zilikuwa zinapandishwa ndege kutoka benki hadi benki, ndo 2003 ikapita sheria ya kuruhusu benki zitumie picha ya cheki badala ya karatasi.

Ninacholilia ni kile kijidaftari cha hesabu kilichokaa na kitabu cha cheki. Unaandika kiasi kwa tarakimu, unarudia kwa maneno, halafu unatoa kwenye daftari unaona kilichobaki, mkono wenyewe unasita. Mtoto wa miaka 16 sa hivi anagusisha simu, pip, kamaliza.

Dogo wangu anafanya kazi mgahawani wikiendi, juzi kaangalia akaunti kwenye simu kanambia baba nina dola 60. Nikamwambia lete bahasha kuukuu, andika nyuma. Jana ulikula na wenzako ukaacha tipu dola 5, benki bado haijaikata, inaonyesha bei ya chakula tu. Muziki wa simu dola 11, unakatwa kesho kutwa. Jezi uliyomwahidi kocha, 25. Akapiga hesabu, 19. Kimya! Yaani simu haikumdanganya, ila simu inajua yaliyopita tu, ahadi zake haizijui.

Na lile swali la overdrafti, yaani kutumia zaidi ya kilichomo, mnapofungua akaunti, tangu 2010 benki ya Marekani lazima ikuulize kwanza kabla ya kukutoza faini kadi ikipitisha manunuzi hela ikiwa imeisha, sasa mtoto anabonyeza ndiyo ndiyo ndiyo ili amalize haraka. Jibuni hapana, kadi ikataliwe dukani aone aibu kidogo, ni bei nafuu. Tena akaunti ya mtoto chini ya 18 mara nyingi mzazi naye ameandikwa humo, ikienda chini ya sifuri watakutafuta wewe.

Haya, mama wa kilemba cha kijani, uliza.