Matubwitubwi ya mtu mzima: tizameni chini ya kidevu

Haya, nyie mliosimama mlangoni ingieni, viti vipo. Nimeshalisema hili Chake, nimelisema Mkoani, na leo Wete nalisema tena: mtu mzima akishikwa na matubwitubwi musimtizame mashavu tu, mtizameni chini ya kidevu.

Kuna kijana mmoja fundi seremala, miaka thelathini na kitu, kavimba shavu, kesho yake la pili, mamake kampaka masizi ya chungu, wenzake wanamcheka eti dume zima na maradhi ya watoto wa chekechea. Uvimbe ukashuka chini ya taya, kidevu na shingo vikawa kitu kimoja, ukateremka mpaka kifuani. Sauti ikageuka, anasema kama ana muhogo wa moto mdomoni, mate hayamezeki, akikaa afadhali, akilala pumzi haipiti. Na walifanya nini? Wakamlaza! Eti apumzike! Anafika spitali pumzi yake unaisikia toka nje, hiiii, hiiii. Tezi za chini ya taya zikivimba sana zinabana njia za limfu, yaani vimfereji vinavyoondoa maji mwilini, maji yanakosa pa kupita, yanajaa kifuani na kooni, hapo hapo juu ya sanduku la sauti. Akakalishwa, akapewa oksijeni na steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, na vifaa vya kutia mpira wa kupumulia kooni na vya kutoboa koo vikawekwa pembeni yake. Alhamdulillahi hakutobolewa, siku mbili tatu uvimbe ukanywea.

Namuona bibi pale ananitizama, daktari unatutisha, sote tuliumwa utotoni tukapona. Sawa bibi, wengi wanapona na hili la koo ni nadra, sikatai, lakini koo likianza kuziba huo unadra utamsaidia nini? Na nyie wa kukimbilia duka la dawa, hichi ni kirusi, amoksilini hakiijui kabisa. Au pengine si matubwitubwi, ni usaha wa jino bovu umeshuka chini ya ulimi, na huo nao unaziba koo vilevile, sasa jirani atajuaje?

Chanjo haraka haraka: sindano ya watoto wetu tangu 2014 ni ya surua na rubela, matubwitubwi hayamo, kwa hiyo musiniambie kachanjwa. Kuambukiza, siku mbili kabla ya kuvimba mpaka tano baada, kikombe chake mbali.

Mwenyekiti anatizama saa. Korodani ndo nilizitayarishia maelezo marefu, maana kwa waliobaleghe zinavimba mara nyingi tu, basi vijana mnaochekana huko nyuma nikuteni nje baada ya sala.