Moshi wa Naniwa na Kilima cha Sakai: Mhadhara juu ya Kaisari Nintoku

Mabibi na mabwana, Nintoku, ambaye ndiye mada yetu leo, huhesabiwa kuwa kaisari wa 16 wa Japani, na kwa hesabu ya jadi alitawala kuanzia mwaka 313 hadi 399. Habari zake tunazipata katika Kojiki na Nihon Shoki, vitabu vilivyokamilishwa mwaka 712 na 720 kwa amri ya ikulu, zaidi ya karne tatu baada ya kifo anachotajiwa.

Kisa kinachojulikana kuliko vyote ni cha moshi. Inasimuliwa kwamba katika mwaka wa nne wa utawala wake alipanda mahali pa juu huko Naniwa, ambako leo ni Osaka, akaitazama nchi asione moshi ukifuka majikoni; akatambua kwamba watu hawana cha kupika, akawaondolea shokoa, yaani kazi za kulazimishwa, kwa miaka mitatu. Ikulu ikachakaa, paa likavuja, maji ya mvua yakakingwa kwa vyombo. Muda ulipotimia alipanda tena, akaona moshi umetanda, akamwambia malkia kwamba sasa wao ni matajiri. Malkia, akiwa na nguo zilizolowa, aliuliza utajiri huo uko wapi, naye akajibu kwamba umaskini wa raia ndio umaskini wa mfalme.

Hata hivyo, Nihon Shoki hicho hicho kinamsifu kwa kazi kubwa za udongo. Alichimbisha mfereji wa kupeleka maji ya mito baharini, akajenga ukingo wa Manda, ambao ulibomoka mara kwa mara katika sehemu mbili. Kaisari akaota kwamba mungu wa mto anataka watu wawili. Wa kwanza alitoswa huku akilia. Wa pili, Koromo-no-ko, alitupa vibuyu viwili mtoni, akasema kwamba mungu akiweza kuvizamisha atajua ni mungu wa kweli, naye atajitosa mwenyewe. Vibuyu vilielea, ukingo ukakamilika, na mtu akabaki hai. Mimi hukipenda kisa hiki kuliko kile cha moshi, kwa kuwa hapa raia ndiye mwenye akili.

Tuje kwenye kaburi. Katika mji wa Sakai kuna kilima cha kaburi chenye umbo la tundu la ufunguo, urefu wake mita 486, kimezungukwa na mahandaki matatu ya maji, na ikulu hukitambua rasmi kuwa cha Nintoku. Mwaka 1985 kampuni ya ujenzi ya Obayashi ilikadiria kwamba kwa zana za kale kilihitaji hadi watu 2,000 kwa siku kwa miaka 15 na miezi minane. Kwa mujibu wa Nihon Shoki, Kaisari alichagua mahali hapo mwenyewe, miaka 20 kabla ya kufa. Siku ya kuanza kazi paa alitoka mbio nyikani, akaanguka kati ya vibarua akafa, na sikioni mwake akaruka mbwigu, ndege ambaye kwa Kijapani huitwa mozu, na ndiyo maana mahali pale pakaitwa Mozu.

Mfalme aliyesamehe shokoa anawezaje kulazwa chini ya shokoa kubwa kuliko zote? Jibu langu ni kwamba waandishi wa karne ya nane walihitaji mwema wa kuanzia ukoo. Walifuata mtindo wa historia za Kichina, ambamo nasaba huanza na mtawala mwadilifu na kuishia kwa dhalimu. Na kweli, mtawala wa mwisho wa ukoo huu, Buretsu, wamemchora kuwa katili asiyeacha mrithi. Hata jina Nintoku, lenye maana ya wema na huruma, alipewa katika karne hiyo hiyo ya nane.

Wataalamu wa mambo ya kale hulipa kaburi hilo umri wa karne ya tano, si ya nne. Mwaka 2018 idara ya ikulu na mji wa Sakai zilichimba kwa pamoja kwenye tuta la kati ya mahandaki, wakakuta mawe yaliyotandazwa na safu ya sanamu za udongo. Kilima chenyewe hakikuguswa.