Maharage ya wiki nzima: chemsha mara moja, unga kila siku

Haya, karibuni jikoni. Habari za Jumapili? Leo ni maharage, na ni mengi, kilo 2 kwa mkupuo mmoja. Nayachemsha yote, sehemu nayaunga kwa nazi mkiwa mnaona, yanayobaki yanaingia friza bila kuungwa, na wiki nzima mboga ipo. Anayeshika simu ni mwanangu, ana miaka 11, kwa hiyo picha ikiyumba mjue mkono umechoka.

Nauza maharage, wengi mnanifahamu kwa hilo. Na wateja wangu kilio chao ni kimoja: maharage matamu, lakini yanamaliza gesi. Ni kweli kabisa, maharage yanakula moto. Lakini angalia, moto wa kuivisha kilo 2 haufiki mara nane ya wa kuivisha robo kilo, maana yakishachemka muda wa kutokota ni ule ule. Ukipika robo leo, robo Jumatano, robo Ijumaa, umelipa mara tatu. Mimi nalipa mara moja.

Kuchambua mnajua. Sinia, mwanga, toa mawe, toa yaliyobunguliwa, osha. Tuendelee.

Hapana, ngoja, mwanangu rudisha simu hapa kwenye sinia. Hii ni soya njano ya Mbeya. Siyo ile soya ya kusaga unga wa uji, ni jina tu la sokoni, haya ni maharage kabisa. Naipenda kwa sababu inaiva mapema na rojo lake ni zito lenyewe bila kuponda. Wa Kenya mna rozkoko na wairimu, huko kwenu mnasema maharagwe, njia ni hii hii. Ila tazama hizi punje mbili nilizoweka pembeni. Hii inang'aa, rangi yake angavu. Hii nyingine imefifia na kuwa nyeusinyeusi. Hiyo ya pili ni ya zamani. Maharage yakikaa miezi mingi kwenye joto na unyevunyevu, kama huu wa Dar, yanagoma kuiva, utachemsha mpaka usiku na kiini bado kigumu. Sasa usichanganye mapya na ya zamani kwenye sufuria moja. Mapya yatapasuka na kuwa uji kabla ya wenzao kulainika. Nikikuuzia mimi, uliza yamevunwa lini, nitakwambia.

Kuloweka. Haya yalilowekwa jana saa 4 usiku, sasa ni saa 12 asubuhi, muda wa saa 8. Yametanuka, yamekaribia kuwa mara mbili. Maji yalikuwa lita 6, na kwa kila lita niliweka kijiko cha chakula cha chumvi, kisichojaa. Najua, najua. Bibi zetu walitufundisha chumvi inafanya maharage yasiive. Nami nililelewa hivyo. Lakini nimejaribu bakuli mbili, maharage ya gunia moja, moja na chumvi moja bila, na yaliyolowekwa na chumvi ndiyo yalitoka na ganda laini, lisilopasuka ovyo. Kinachogomesha maharage ni tindikali: nyanya, limau, ukwaju. Na kingine ni maji yenyewe. Ukiwa unatumia maji ya kisima, yale magumu yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, maharage yanakawia sana. Maji ya namna hiyo yana chokaa, na chokaa inakaza ganda. Tumia ya bomba au ya mvua kama unayo. Watu huweka magadi, na magadi yanalainisha kweli, lakini yakizidi kidogo tu chakula kinanuka sabuni, na vitamini B nyingine zinapotea. Mimi siweki.

Na kwa joto letu msiloweke toka asubuhi hadi kesho yake. Yatachacha. Ukiona povu na harufu ya uchachu, umechelewa. Kama utatoka siku nzima, weka bakuli kwenye friji.

Maji ya kulowekea namwaga. Yana sehemu ya ile sukari inayosababisha gesi tumboni. Naosha tena, naweka maji mapya mpaka yafunike kwa vidole vinne, natenga jikoni. Moto mkali.

(Mwanangu, futa kioo cha simu, kimeshika mvuke. Tumia pindo la kanga, siyo kidole.)

Haya, yamechemka. Sasa naangalia saa, na hapa nisikilizeni. Dakika 10 za kwanza yatokote kwa nguvu, mapovu makubwa, siyo kuchechemka pembeni. Maharage mabichi yana sumu yake ya asili, inaitwa lektini, na maharage mekundu ndiyo yanayo nyingi zaidi. Mchemko wa nguvu unaiua. Moto wa vuguvugu hauiui. Kwa hiyo wale wenye majiko ya umeme ya kupika polepole, na wale mnaotumia lile kapu la kutunza joto, ambalo nalipenda sana kwa kuokoa mkaa, chemsheni kwanza jikoni kwa nguvu, ndipo mhamishie huko. Mtoto akila punje chache za maharage mekundu yasiyoiva anaweza kutapika na kuharisha siku hiyo hiyo. Tusifanye mchezo hapo.

Povu hili toa kwa upawa. Dakika 10 zikiisha, punguza moto, funika nusu. Majani ya bay nikiwa nayo naweka mawili, leo sina. Kitunguu kimoja kizima kilichokatwa kati, basi.

Maji yakipungua ongeza ya moto. Birika liwe linachemka pembeni.

Tunakata hapa. Nikirudi yatakuwa yameiva.

Tumerudi. Imechukua saa 1 na dakika 10 kwa gesi. Kwenye presha kuka, yakiwa yamelowekwa, dakika 15 hadi 20 toka ianze kupiga kelele na moto kupunguzwa, lakini usijaze zaidi ya nusu, maharage yanatoa povu na povu linaziba tundu la mvuke. Kupima kuiva: chukua punje tano kutoka sehemu mbalimbali za sufuria, ponda kwa ulimi kwenye kaakaa. Zote tano zipondeke. Moja ikikataa, ongeza dakika 10. Wanaopima kwa punje moja ndio wanaokula maharage yenye changarawe ndani.

Kilo 2 kavu zimenipa kama kilo 4 na nusu. Ninachota kilo moja ya leo. Zilizobaki nazipoza, nagawa kwenye makopo saba ya nusu kilo nusu kilo, pamoja na maji yake. Maji yafunike maharage, yakibaki wazi yanakauka na kupasuka. Acha nafasi ya kidole juu kwa sababu barafu inatanuka. Bandika karatasi yenye tarehe. Kwenye friza yanakaa miezi 3 vizuri. Kwenye friji ya kawaida, siku 3 au 4. Msiache sufuria mezani mpaka jioni, kwa joto hili maharage yaliyoiva yanaharibika haraka.

Sasa nazi, na hapa ndipo nilipotaka kufika toka asubuhi.

Nazi 2 zilizokunwa. Maji ya vuguvugu kikombe kimoja, kamua, chuja: hilo ni tui zito, liweke peke yake. Maji vikombe viwili tena, kamua machicha yale yale: hilo tui jepesi. Mbuzi au blenda, hiari yako. Mimi nakuna kwa mbuzi kwa sababu machicha yanakuwa laini na tui linatoka tamu zaidi, na napenda ile kazi, nikikuna nazi akili inatulia.

Mafuta vijiko viwili, kitunguu maji kikubwa kimoja, kaanga mpaka kigeuke rangi ya asali. Siyo kahawia. Kitunguu saumu, bizari nusu kijiko cha chai, nyanya mbili. Maharage tayari yameiva, kwa hiyo nyanya haina madhara tena. Karoti na hoho mkipenda, mimi kwenye maharage ya nazi sipendi, zinafanya utamu ushindane na nazi. Nyanya zikikauka, maharage yaingie, ponda mwiko mmoja au miwili pembeni mwa sufuria ili rojo lishikane. Tui jepesi. Chumvi, onja kwanza. Pilipili nzima moja, isipasuke. Acha itokote dakika 15, ikipungua.

Umeme umekatika. Mnaniona? Fungua dirisha, mwanangu, na ule mlango wa uani. Hivyo. Jiko ni la gesi, tunaendelea.

Tui zito. Sogea karibu, karibu zaidi. Kabla halijaingia, moto uwe mdogo kabisa. Mdogo kabisa. Sufuria isiwe inatokota. Likiingia, usifunike na usiondoke, mwiko usitoke mkononi. Tui la nazi ni mafuta na maji yaliyoshikana, likipata moto mkali bila kukorogwa linakatika: mafuta yanapanda juu, chini kunabaki vipande vyeupe kama maziwa yaliyoganda. Likikatika halirudi.

Mimi lilinikatikia siku wakwe zangu wanakuja kwangu mara ya kwanza. Maharage mazuri, wali upo tayari, nikamimina tui zito, nikasikia hodi, nikafunika sufuria nikaenda kupokea wageni. Dakika tano tu. Niliporudi mafuta yalikuwa yanaelea. Mama mkwe hakusema neno, alikula akamaliza. Baada ya chakula akaingia jikoni na mimi, akachukua nazi nyingine akanionyesha: koroga kwa kuchota chini na kumimina juu, kwa upawa, upande mmoja, bila kuacha. Mpaka leo nafanya vile.

Angalieni. Natia. Nachota chini, namimina juu. Chota, mimina. Pembeni kumeanza kutoa vipovu vidogo, umeona hapo? Hapo ndipo inapoharibikia. Natoa sufuria motoni kidogo, naendelea kuchota. Narudisha.

Hodi? Karibu, subiri hapo hapo kibarazani, nakuja! Mwanangu, mwambie akae. Aa, ukienda nani ashike simu? Mwache, atasubiri. Sitoki hapa. Na wewe unayepika nyumbani usitoke, simu ikiita iache iite.

Dakika 4 hadi 5. Likishaanza kufuka na kuwa zito, likipaka mgongo wa mwiko, zima. Zima kabla ya kutokota. Hakuna mafuta juu, rojo ni laini, rangi ya dhahabu. Hivyo ndivyo.

Limau ni mezani, kila mtu akamulie kwenye sahani yake. Linaongeza ladha, na vitamini C yake inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, jambo la maana kwa wajawazito na watoto wanaokua.

Makopo ya friza yanakwendaje wiki nzima? Kesho kopo mbili kwenye makande: mahindi yaliyokobolewa nayo nayachemsha peke yake, kwa sababu yanakawia kuliko maharage. Jumatano ya kukaanga kwa nyanya tu, na ugali na mchicha. Alhamisi ndizi. Wahaya wanazipika ndizi na maharage sufuria moja, na nikipata ndizi za Bukoba sili kitu kingine siku hiyo. Ukitoa kopo kwenye friza lishushe friji usiku uliotangulia, au litumbukize sufuriani likiwa barafu, ongeza maji kidogo na uache lichemke vizuri kabla ya kuunga.

Na haya ya leo msiyamalize. Acheni bakuli moja, likipoa liingie friji. Asubuhi pasha kwa moto mdogo, na hapo tena upawa mkononi, tui linaweza kukatika hata kwenye kiporo. Maharage ya kiporo, chapati iliyolala, chai ya rangi yenye tangawizi. Mimi wali maharage wa mchana naupenda, lakini kiporo ndicho ninachokisubiri.

Haya, mgeni yuko kibarazani. Mwanangu, weka simu chini, chukua sahani tatu.