Isome Zaburi Yote: Mazungumzo Kuhusu Faraja Katika Siku za Kawaida

REHEMA: Bwana Yesu asifiwe, ndugu msikilizaji, na karibu katika kipindi chetu. Mimi ni Rehema, na kama ilivyo desturi niko pamoja na kaka yangu katika Bwana, Elia. Leo tumekusudia kuzungumza juu ya kitabu cha Zaburi, na hasa namna Mkristo anavyotiwa moyo nacho katika siku zake za kawaida, zile ambazo hakuna kongamano wala mkesha, bali kuna kazi, deni, ugonjwa, malezi na uchovu.

ELIA: Amina, dada Rehema. Naomba nianze na jambo ambalo limenielemea kwa muda mrefu. Wengi wetu tunaifahamu mistari ya Zaburi, lakini zaburi zenyewe hatuzifahamu. Mtu akifiwa, tunamtumia mstari mmoja kwenye simu; mwingine akipoteza kazi, tunamtumia mwingine. Chukua maneno haya yanayopendwa mno: "Huenda kilio huja kukaa usiku, lakini asubuhi huwa furaha." Huo ni mstari wa 5 wa Zaburi ya 30. Ukiendelea kidogo tu, mstari wa 7, mtunzi anasema kwamba Mungu aliuficha uso wake, naye akafadhaika. Na katika mstari wa 9 anamwuliza Mungu waziwazi kuna faida gani yeye akishuka shimoni. Tunapompa mfiwa ile asubuhi peke yake na kumnyima fadhaa iliyomo ndani ya zaburi hiyo hiyo, tunamwacha ajione kwamba imani yake ni haba, ilhali aliyeandika maneno yale alipita palepale alipo yeye.

REHEMA: Lakini hupingi kukariri mistari?

ELIA: Hata kidogo. Nakariri, na nawafundisha watoto wakariri. Ninachosihi ni kwamba mtu akipata nafasi aisome zaburi yote, kuanzia kichwa chake hadi neno la mwisho, kwa sauti ikiwezekana. Zaburi nyingi ni fupi. Ya 117 ina mistari 2 tu. Ukiacha ile ya 119 yenye mistari 176, ni chache sana zitakazokuchukua zaidi ya dakika kadhaa.

REHEMA: Nakubaliana nawe, na ningependa tukae kidogo kwenye Zaburi ya 13, kwa sababu ni fupi, ina mistari 6, na mwendo wake unaonekana wazi. Daudi anaanza bila salamu: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Anauliza hivyo mara nne mfululizo. Kisha anaomba, akisema Mungu amtazame na kumjibu, asije akalala usingizi wa mauti. Halafu, bila kutuambia kwamba adui ameondoka au kwamba jambo lolote limebadilika, anasema kwamba amezitumainia fadhili za Mungu na kwamba atamwimbia. Tukisoma ule mwisho peke yake, tunadhani Daudi alikuwa mtu asiyejua kuvunjika moyo. Tukiisoma yote, tunaona kwamba wimbo wa mwisho ulitoka katika kinywa kile kile kilichouliza "hata lini".

ELIA: Na tusidhani kwamba mwendo ni huo siku zote, kwamba mwamini huanza na kilio na kumalizia na shangwe. Zaburi ya 27 inakwenda kinyume chake. Inaanza kwa ujasiri mkubwa: "BWANA ni nuru yangu na wokovu wangu, nimwogope nani?" Jeshi likijipanga kupigana naye, moyo wake hautaogopa. Ukifika mstari wa 7, mtu yule yule analia, anaomba asifichwe uso wa Mungu, asitupwe, asiachwe, na anazungumza juu ya baba na mama kumwacha. Na mwisho hamalizi kwa ushindi uliokamilika. Anajiambia amngoje BWANA, awe hodari, apige moyo konde. Mimi huwaambia vijana wanaoona aibu kwa sababu Jumapili waliimba kwa nguvu na Jumanne wakajikuta hawana hamu hata ya kuomba, kwamba hali hiyo imo katika Maandiko, ndani ya zaburi moja.

REHEMA: Kaka Elia, kuna swali ambalo wasikilizaji wetu watakuwa nalo, nami nalichukulia kwa uzito. Wana wa Israeli walinung'unika jangwani na Mungu akakasirika. Je, tofauti ya manung'uniko yale na malalamiko ya Zaburi ni ipi? Maana tusije tukawapa watu ruhusa ya kumlaumu Mungu tukaiita ibada.

ELIA: Swali hilo ni la haki kabisa. Ukisoma Hesabu sura ya 14, utaona watu wanalia usiku kucha, kisha wanaambiana wao kwa wao kwamba afadhali wangekufa Misri, na katika mstari wa 4 wanapanga kumweka kiongozi awarudishe huko. Wanamjadili Mungu pembeni, na mpango wao ni kumwacha. Mtunzi wa zaburi anamwendea Mungu mwenyewe. Hata anaposema kwamba Mungu amemsahau, anamwambia yule yule anayedai kuwa amemsahau, na kwa kufanya hivyo anakiri kwamba hana mwingine wa kumkimbilia. Kwangu mimi, hapo ndipo faraja ya Zaburi inapoanzia, kabla hata ya jibu kuja.

REHEMA: Asafu, mtunzi wa Zaburi ya 73, anaionyesha tofauti hiyo vizuri katika zaburi hiyo, na naona hii ndiyo zaburi ya mtu wa kila siku kuliko nyingine nyingi, kwa sababu shida yake si vita wala tauni, ni wivu. Anawaona wasiomcha Mungu wananenepa, wana afya, mali inaongezeka, nao wanaringa. Yeye amejitunza, ameosha mikono yake katika kutokuwa na hatia, na kila asubuhi anapata adhabu mpya. Anafika mahali pa kusema kwamba amejisafisha moyo bure. Nani kati yetu hajawahi kusimama hapo, akimtazama mwenzake kazini aliyepanda cheo kwa udanganyifu? Lakini angalia mstari wa 15: anasema kwamba kama angeyatangaza hayo, angekuwa amewasaliti watoto wa Mungu. Anajizuia kuyamwaga ovyo mbele ya watu, kisha anayapeleka patakatifu, anamwambia Mungu yote bila kuficha.

ELIA: Na huko patakatifu hapewi mali.

REHEMA: Hapewi kitu. Hatuambiwi kwamba tajiri yule alifilisika wiki iliyofuata. Asafu anaoneshwa mwisho wa mambo, halafu anajitambua. Anasema alikuwa kama mnyama mbele za Mungu. Na mara moja anaongeza: "Walakini mimi ni pamoja nawe daima, umenishika mkono wa kuume." Tafakari mpangilio huo. Wakati ule alipokuwa amejaa uchungu, hajui lolote, mkono wake ulikuwa umeshikwa. Hakushikwa baada ya kutulia. Mimi nimeishi na mstari huo, ndugu msikilizaji, na ninausema kwa moyo wangu wote: Mungu hakungoji utulie ndipo akushike.

ELIA: Amina. Nikumbushe pia Zaburi ya 3, ambayo kichwa chake kinasema Daudi aliitunga alipomkimbia Absalomu mwanawe. Ukilisoma tukio lenyewe katika 2 Samweli 15, utamwona mfalme akipanda mlima wa Mizeituni bila viatu, amejifunika kichwa, analia, na watu wote walio pamoja naye wanalia. Ni mzazi anayewindwa na mtoto wake. Na katika hali hiyo anasema: "Nalijilaza nikalala, nikaamka, kwa kuwa BWANA ananitegemeza." Maadui bado wamemzunguka kwa makumi elfu, maana anawataja mara tu baada ya hapo. Mtu mwenye kesi isiyoisha, au mwenye mtoto aliyepotea njia, hahitaji kusubiri jambo liishe ndipo alale. Kulala kwake usiku huu ni tendo la imani. Zaburi ya 4 mstari wa 8 inampa maneno ya kusema anapozima taa.

REHEMA: Sasa tufike kwenye Zaburi ambayo watu wengi huiruka, ya 88. Kichwa chake kinamtaja Hemani Mwezrahi. Haina mwisho wa furaha. Neno lake la kufunga linahusu rafiki waliotengwa naye, na giza. Niliwahi kukaa na mama mmoja ambaye mumewe alikuwa amelazwa kwa muda mrefu, naye alikuwa ameniambia kwamba hawezi tena kuomba, kwamba akifungua kinywa hakuna kinachotoka. Nilimsomea zaburi hiyo polepole, sentensi kwa sentensi, naye akawa anairudia. Tulipofika mstari wa 9, "nimekunyoshea Wewe mikono yangu," aliifungua mikono yake juu ya magoti, viganja vikitazama juu, akaiacha hivyo. Nilipomaliza mstari wa 18 alinyamaza akingoja niendelee, nami nikamwambia kwamba imeishia hapo. Akauliza, "Kumbe na haya yameandikwa?" Siku hiyo aliomba, kwa maneno ya Hemani.

ELIA: Na Hemani alikuwa ameanza kwa kumwita Mungu "Mungu wa wokovu wangu". Katika zaburi nzima, ile ni karibu taa pekee, na hakuizima. Tena anasema anamlilia Mungu kila siku, na kwamba asubuhi maombi yake yatamfikia. Huyo si mtu aliyeacha imani. Ni mtu anayehudhuria maombi bila kuona jibu.

REHEMA: Na sisi Wakristo hatuwezi kuzisoma zaburi hizi bila kumwona Bwana Yesu. Msalabani alitumia maneno ya kwanza ya Zaburi ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" na Luka anatuambia kwamba kabla ya kukata roho alisema maneno ya Zaburi ya 31, kuiweka roho yake mikononi mwa Baba. Mwana wa Mungu, katika saa yake ngumu kuliko zote, aliomba kwa Zaburi. Waebrania 5:7 inasema alitoa maombi na dua pamoja na kulia sana na machozi. Basi asitokee mtu akamwambia mwenzake aliye katika msiba kwamba machozi ni dalili ya kukosa imani. Nasema hivyo kwa uchungu kwa sababu nimewasikia wakiambiwa.

ELIA: Na tukiisoma Zaburi ya 22 yote, tunafika mstari wa 24, ambapo inasemwa kwamba Mungu hakulidharau teso la mteswa wala hakumficha uso wake, bali alipomlilia, akamsikia. Siku ya tatu tukaona alivyosikia. Mkristo anazo sababu kuliko hata Daudi za kuamini kwamba kilio chake kimefika.

REHEMA: Kuna zile zenye laana juu ya maadui, kama sehemu ya mwisho ya 137. Zinahitaji kipindi chake, nami sitaki tuzipitie juu juu. Niseme tu kwamba mtunzi anakiacha kisasi mikononi mwa Mungu badala ya kukichukua mwenyewe, na Paulo katika Warumi 12 anatuamuru vivyo hivyo. Kaka Elia, mtu anayetaka kuanza kesho aanzeje?

ELIA: Zipo njia za kale. Kanuni ya Benedikto, ya karne ya 6, iliwataka watawa wazipitie zote 150 kwa juma moja. Kwa mtu mwenye kazi na familia hilo ni zito. Wapo wanaosoma tano kwa siku na kumaliza kwa siku 30. Ushauri wangu ni mwepesi zaidi: zaburi moja asubuhi, kwa mfuatano, bila kuchagua. Ukichagua, utarudi daima kwenye ya 23 na ya 91, na zitakupita zile ambazo hukujua kwamba utazihitaji. Isome mara mbili, mara ya pili kwa sauti, kisha chukua sentensi moja uiombe kwa habari ya siku yako, ukiwataja watu kwa majina. Ile ya 119 igawe. Tayari ina mafungu 22 ya mistari minane minane.

REHEMA: Na kama leo nina furaha, mambo yangu yamenyooka, na mfuatano umenileta kwenye zaburi ya kilio?

ELIA: Basi iombe kwa ajili ya mwingine. Yupo mtu unayemfahamu ambaye leo hawezi kusema "hata lini" kwa sababu amechoka hata kuuliza. Liseme badala yake. Kisha mpigie simu, na ukimsomea, msomee yote.

REHEMA: Msikilizaji, kipindi kijacho tutaanza Nyimbo za Kupanda, kuanzia Zaburi ya 120 hadi ya 134. Tunakuomba uisome ya 120 kabla hatujakutana, yote, mistari yake 7.