Leteni Ushuhuda, Hukumu Tutaitoa Baadaye: Kuhusu Ripoti za Hitilafu katika Tovuti za Waprogramu

Ndugu mwenyekiti, wanajopo, na ninyi waprogramu mliojaa ukumbini, nawashukuru kwa kunialika. Walionisikia nikilizungumzia jambo hili hapo awali wataniwia radhi, kwa sababu nitalirudia, na nitaendelea kulirudia hadi siku nitakapofungua foleni ya maoni ya watumiaji nisikute ripoti isemayo "tovuti yenu imeharibika" bila neno lingine chini yake.

Sitawachosha kwa kueleza tovuti ya maswali na majibu ya waprogramu ni kitu gani, wala jinsi kura, lebo na pointi zinavyofanya kazi humo, maana mnaishi humo. Nataka tuzungumzie kinachotokea pale tovuti yenyewe inapokosea, na mtumiaji ambaye naye ni mprogramu anapoketi kuandika ripoti. Dai langu ni moja. Mprogramu huandika ripoti mbovu kuliko mtu asiyejua programu hata kidogo, na kinachomponza ni ujuzi wake. Asiyejua husimulia alichokiona kwa sababu hana kingine cha kusimulia. Mprogramu hukiruka alichokiona, akatuletea hukumu.

Mtu yule yule ambaye asubuhi amemkaripia mgeni kwa kuuliza swali bila kuweka mfano mdogo wa msimbo (maandishi ya programu) unaoonyesha tatizo, jioni anatuandikia kwamba "kashe yenu ina kasoro", akimaanisha hifadhi ya muda ya nakala za kurasa. Kashe ipi? Ukurasa upi? Alibofya nini? Hasemi. Amekwisha kulitatua tatizo kichwani mwake, nasi tumebakiwa na kazi ndogo ya kutii.

Nitawapa kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila ninachotaka kusema. Katika tovuti moja ambayo sina haja ya kuitaja, ililetwa ripoti yenye kichwa kilichodai kwamba wasimamizi wanafuta majibu ya watumiaji kisirisiri. Mwandishi wake alikuwa mprogramu mzoefu, mwenye pointi nyingi na anayeheshimika. Alieleza kwamba ameandika jibu refu, amelihifadhi, kisha amekuta nusu ya pili imetoweka. Na kwa kuwa kompyuta hazina chuki na binadamu wanayo, alihitimisha kwamba yuko msimamizi anayemwonea. Wengine wakajitokeza kumuunga mkono, kila mmoja na jibu lake lililokatwa. Mjadala ukahamia kwenye haki, upendeleo, na nani aliyewapa wasimamizi madaraka. Katika kurasa zote hizo za hasira hakuna aliyebandika maandishi aliyojaribu kuyahifadhi. Hakuna aliyesema jibu lilikatikia wapi.

Ndipo akaja mgeni, mwenye pointi za kuhesabika kwa vidole, akaandika sentensi mbili tu: kwamba jibu lake limekatika palepale alipoweka kile kikatuni cha uso unaocheka, na kwamba akikiondoa kikatuni hicho jibu linahifadhiwa lote.

Kwa sentensi hizo mbili kazi ilikuwa imekwisha: chanzo kilikuwa hifadhidata, mahali tovuti inapotunza maandishi yake, wala si msimamizi. Kwa miaka mingi hifadhidata ya MySQL ilikuwa na mpangilio wa herufi (namna ya kuziandika herufi kwa namba za kompyuta ziitwazo baiti) uitwao utf8 ambao, licha ya jina lake, hauwezi kutunza herufi inayozidi baiti 3, ilhali UTF-8 halisi, kanuni ya kimataifa ya kuandika herufi za lugha zote, hufika baiti 4, na emoji nyingi, yaani vikatuni kama kile cha mgeni, zimo katika kundi hilo la baiti 4. Mpangilio kamili, utf8mb4, ulikuja na toleo la 5.5.3 mwaka 2010. Lakini hifadhidata nyingi zilizoundwa kabla ya hapo, na nyingine zilizoundwa baadaye na watu walioliamini jina, zilibaki na ule wa zamani. Hifadhidata ya namna hiyo, ikiwa haikuwekwa katika hali ya ukali, haikatai maandishi yenye herufi isiyoiweza. Huyahifadhi hadi inapofika kwenye herufi hiyo, hutupa yote yanayofuata, kisha hutoa onyo ambalo hakuna anayelisoma. Mtumiaji huambiwa kwamba jibu lake limehifadhiwa, na kweli limehifadhiwa, nusu yake.

Angalieni basi mgeni yule alifanya nini. Hakutaja hifadhidata, na sidhani kama alijua kwamba ipo. Alisema jibu limekatikia wapi, kisha akabadilisha kitu kimoja tu na kusema tokeo limebadilika vipi. Wale mabingwa wote waliomtangulia waliweza kufanya jaribio hilo hilo kwa muda mfupi kuliko waliotumia kuandika aya moja ya malalamiko, nao ndio wanaofundisha wengine jinsi ya kutenga chanzo cha hitilafu.

Najua yupo hapa anayesema moyoni: mimi ni mtumiaji, silipwi, kazi ya kuchunguza ni yenu. Nakubaliana naye kabisa, na ndiyo maana simwombi achunguze. Ninamwomba ushuhuda. Shahidi hatakiwi kujua sheria. Anatakiwa kusema alikuwa wapi, alifanya nini, na aliona nini. Mtumiaji aniambie anwani ya ukurasa, alichobofya, alichotarajia na kilichotokea, pamoja na maneno ya ujumbe wa kosa kama yalivyo, si kama anavyoyakumbuka. Akiwa na dhana kuhusu chanzo, aiandike mwishoni na aiite dhana. Mimi sichukii dhana. Nyingine zimetuokolea muda. Ninachokichukia ni dhana iliyovaa nguo za tukio, kwa sababu mpokeaji huanza kuitafuta kashe inayosingiziwa, na baada ya siku nzima hurudi mikono mitupu.

Mwingine atasema kwamba hitilafu kubwa hazina haja ya maelezo, kwa sababu tovuti ikizimika kila mtu anaona. Ni kweli kwamba kila mtu anaona, lakini tazameni wanachokiona. Tarehe 20 Julai 2016 Stack Overflow, tovuti maarufu ya maswali na majibu ya waprogramu, ilizimika kwa dakika 34, na wahandisi wake wakachapisha maelezo ya kilichotokea. Chapisho moja la mtumiaji lilikuwa na nafasi tupu zipatazo 20,000 mfululizo ndani ya mstari wa maelezo katika msimbo. Tovuti ilikuwa ikitumia ruwaza ya utafutaji (kanuni fupi ya kutafuta maandishi ya umbo fulani) kuondoa nafasi tupu zilizoko mwanzoni na mwishoni mwa mistari. Nafasi hizi hazikuwa mwishoni, kwa kuwa zilifuatwa na herufi nyingine. Kwa hiyo programu ilianzia kwenye nafasi ya kwanza, ikatembea hadi ikagonga herufi hiyo, ikarudi kuanzia ya pili, kisha ya tatu, na kuendelea hivyo, hadi ukaguzi ukakaribia milioni 200 kwa chapisho moja. Kwa bahati mbaya chapisho hilo lilikuwa limeorodheshwa kwenye ukurasa wa mwanzo, na ukurasa wa mwanzo ndio uliokuwa ukitumika kupima kama seva zingali hai. Ukurasa ulipochelewa, mtambo unaogawa maombi kwa seva uliziondoa seva kwenye zamu, na tovuti nzima ikawa haipatikani, pamoja na kurasa ambazo hazikuwa na kasoro yoyote.

Nani aliyeko nje angekisia nafasi tupu? Angekisia shambulio, au seva kuelemewa na wageni. Kukisia kwake kusingemsaidia mtu, bali saa kamili ilipoanza hali hiyo, pamoja na saa za eneo lake, ingesaidia, kwa kuwa kwa saa hiyo mhandisi hufungua kumbukumbu za seva mahali panapostahili. Ripoti isemayo "leo mchana" inatoka kwa mtu asiyekumbuka kwamba mchana wake ni usiku wa mwenzake.

Sasa niwageukie wapokeaji wa ripoti, maana najua wanafurahia kuwasikia watumiaji wakisemwa, na furaha hiyo nataka kuikatiza. Yako majibu mawili wanayoyapenda mno. La kwanza ni "kwangu inafanya kazi". Tovuti kubwa za leo huwaonyesha watumiaji tofauti kurasa tofauti kwa wakati mmoja ili kupima muundo mpya. Faili za JavaScript, lugha ya programu zinazoendeshwa ndani ya kivinjari, huhifadhiwa katika seva zilizotawanyika duniani, na si ajabu mmoja akaletewa ya zamani wakati mwingine ameletewa mpya. Msimamizi naye huingia na akaunti yenye ruhusa ambazo mtumiaji wa kawaida hana, na huenda kitufe kinacholalamikiwa hakimtokei kabisa mtumiaji huyo. Kwa hiyo "kwangu inafanya kazi" ni ushuhuda mmoja zaidi, na unastahili kuwekwa kando ya ule wa kwanza, si juu yake. Kabla ya kuifunga ripoti, toka kwenye akaunti yako, fungua dirisha la faragha, zima viendelezi vya kivinjari, kisha ujaribu tena.

Jibu la pili ni "imekusudiwa hivyo". Hili huniudhi zaidi, kwa sababu mara nyingi ni la kweli na bado halimalizi kitu. Markdown, kanuni za kupamba maandishi kwa alama za kawaida, ilipotolewa mwaka 2004 ilikusudiwa kwamba maneno yaliyozungukwa na vistari vya chini yawe ya mlazo (herufi zilizoinama), hata vistari hivyo vikiwa katikati ya neno. Kwa mwandishi wa makala hilo halina neno. Kwa mprogramu anayeandika jumla_ya_malipo katikati ya sentensi, vistari viwili vinamezwa, neno la katikati linalala, na msomaji anaondoka na jina la kigezo lisilokuwepo popote katika msimbo. Je, hiyo ni hitilafu au ni matakwa ya muundo? Programu ilitii ilichoamriwa. Aliyeamuru hakuwafikiria watu hawa. Kama kila aliyelalamika angejibiwa kwamba imekusudiwa hivyo na mlango ukafungwa, kanuni ingebaki palepale. CommonMark, toleo sanifu la Markdown, ilipotangazwa mwaka 2014, ilikataza kistari cha chini kilichoko ndani ya neno kuleta mlazo, na wengine walikuwa wameshafanya hivyo hata kabla yake. Ripoti inayofungwa kwa sababu ya makusudio iseme makusudio hayo ni yapi na yanamfaa nani. La sivyo, tumemwambia mtumiaji anyamaze kwa maneno ya kiofisi.

Mnajua pia kwamba idadi ya walalamikaji si kipimo cha uzito wa hitilafu, kwa hiyo hapo nitapita haraka. Januari 2016 wasimamizi wa miradi ya programu huria waliiandikia GitHub, tovuti ambako waprogramu huhifadhi na kushirikiana misimbo, barua ya wazi, wakilalamika pamoja na mengine kwamba ripoti zao zinafurika maoni yasiyo na kitu isipokuwa "+1" (yaani "nami pia"), na kwamba hakuna njia ya kumtaka mletaji ripoti aweke maelezo ya lazima. Februari vikaja violezo vya ripoti, yaani fomu zenye sehemu za kujazwa, na Machi zikaja alama za hisia ambazo mtu huzibofya badala ya kuandika. Ninaitaja barua hiyo kwa sababu yenyewe ilikuwa maoni ya watumiaji kuhusu tovuti ya waprogramu, yenye mambo yanayotajika na yanayotendeka, na ikajibiwa kwa vitendo. Tangu hapo kiolezo chenyewe kimegeuka ugonjwa, maana wapo wanaodai sehemu kumi na mbili zijazwe ili kuripoti kosa la tahajia. Hilo nitaliacha.

Nilikuwa pia na la kusema kuhusu picha za skrini, lakini ninyi mnaokataa picha za msimbo katika maswali ya watu mnajua kwa nini ujumbe wa kosa usiletwe kama picha.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo suala la usalama nitaligusa tu, ingawa ndilo la hatari kuliko yote. Tovuti za waprogramu zina udhaifu wa pekee: watumiaji wake huandika vipande vya HTML (lugha ya kupangia kurasa za wavuti) na JavaScript kama maandishi halali, kila siku, na tovuti inapaswa kuvionyesha bila kuvitekeleza hata mara moja. Ukigundua kwamba kipande ulichokibandika kimetekelezwa badala ya kuonyeshwa, usiifungulie ripoti ya hadharani, na usiandike jibu la kuonyesha ustadi wako, kwa kuwa kila atakayelifungua atakuwa ndani ya mtego. Tangu Aprili 2022 kuna waraka rasmi, RFC 9116, unaoeleza faili iitwayo security.txt, ambayo huwekwa chini ya saraka ya tovuti iitwayo .well-known na kutaja anwani ya kupelekea ripoti za namna hiyo. Itafuteni kwanza. Kama tovuti haina, andikeni hadharani swali moja tu, kwamba nani anapokea ripoti za usalama, bila kutaja ukurasa wala namna, kisha subirini jibu kabla ya kuandika neno la pili.