Watumiaji wanapungua, vifo vinapanda: kuunda modeli ya vifo vya vijana

Ndugu zangu, tuanze na takwimu za Marekani. Kati ya vijana wa miaka 14 hadi 18, waliokufa kwa kuzidisha dawa za kulevya mwaka 2019 walikuwa 492. Mwaka 2020 wakafika 954. Kwa kila vijana 100,000, vifo vilikuwa 2.40 mwaka 2010 na 5.49 mwaka 2021. Katika kipindi hichohicho, wanafunzi wa darasa la kumi waliosema wametumia dawa haramu ndani ya mwaka walishuka kutoka asilimia 30.2 hadi 18.7.

Modeli nyingi, yaani hesabu zinazoiga hali halisi, tumeziazima kwenye magonjwa ya kuambukiza: walio hatarini, watumiaji, walio kwenye tiba, na d, kiwango cha vifo kati ya watumiaji, kisichobadilika. Hapo ndipo zinapokwama. Gawa 5.49 kwa 2.40, kisha gawa jibu kwa 0.62, yaani uwiano wa watumiaji (18.7 kwa 30.2): d imepanda karibu mara 3.7. Ni makisio, maana umri wa makundi hayo mawili haulingani sawasawa, lakini mwelekeo hauna shaka. Watumiaji waliobaki wanakutana na fentanili, dawa kali sana ya jamii ya afyuni, ndani ya vidonge bandia.

Tazameni kidonge chenyewe. Miligramu 2 za fentanili zinaweza kuua. Chukua wastani wa miligramu 1 kwa kidonge, mgawanyo wa log-kawaida (vingi vina kiasi kidogo, vichache vina kingi sana). Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi vidonge vinavyotofautiana, ukiwa 0.2, vidonge vinavyovuka miligramu 2 ni chini ya 2 katika 10,000. Ukiwa 1, kwa sababu unga haukuchanganywa vizuri, vinakuwa kama 11 katika 100. Wastani ni uleule! Kwa hiyo anayeingiza wastani peke yake kwenye modeli anawazika vijana hawa kwenye hesabu.

Kwenye data, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, huficha idadi ya vifo ikiwa 1 hadi 9. Usijaze sifuri, unganisha miaka au kaunti.

Mwisho, zidisha d kwa (1 − b·r·n): b ni uwezekano wa kuwepo mtu karibu, r wa kutambua hatari na kuchukua hatua, n wa kuwa na naloksoni, dawa inayozuia athari za fentanili. CDC ilikuta mtu karibu katika takriban theluthi mbili ya vifo vya umri wa miaka 10 hadi 19, ila wengi hawakufanya lolote. Tukichukulia n ni 0.9 na r ni 0.3, vifo vinapungua kwa asilimia 18 tu. Thamani ya r ikifika 0.9, vinapungua kwa asilimia 54. Kwa hiyo bajeti ya naloksoni shuleni iende pamoja na mafunzo ya kutambua pumzi inayofifia na midomo inayobadilika rangi.