Kilima Kilikuwa na Jina Kabla ya Mnara

Mliowahi kunisikia mnajua nitakalosema, na nitalisema tena kwa sababu bado halijasikika: ukipanda kilima chenye mnara wa vita, usianze na mnara. Anza na kilima.

Leo nawapeleka Alice Springs, mji wa jangwani katikati kabisa ya Australia. Habari za Gallipoli kule Uturuki, ambako wanajeshi wa Australia na New Zealand, walioitwa Anzac, walishuka tarehe 25 Aprili 1915 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, siwarudii, mmezisoma. Juu ya mji huo kuna Anzac Hill. Barabara inafika hadi kileleni, kwa hiyo wageni wengi hupanda kwa gari, wakaupiga picha mnara mweupe, wakaupiga picha mji, wakashuka.

Mimi nilipanda kwa miguu, mwezi wa nane, jua likielekea kuzama. Nikasimama kwenye mti mmoja mfupi, uliopinda, gome lake nene limepasukapasuka kama kisigino cha mkulima. Mama mmoja mtu mzima, Mwarrernte, yaani wa wenyeji wa asili wa hapo, alikuwa amekaa na wajukuu wake. Akaniona nalipapasa lile gome, akasema: “Untyeye.” Akanionyesha maua yake ya njano iliyofifia, akanieleza kwamba wazee wao waliyaloweka katika maji, yakatoa kinywaji kitamu. Kisha akaipiga ardhi kwa kiganja: kilima hiki kinaitwa Untyeyetwelye. Jina la mti limo ndani ya jina la kilima! Ni mahali patakatifu pa watu wake, tangu enzi na enzi. Nilikaa naye mpaka giza likaanza kuingia, na mnara nilikuwa bado sijaufikia.

Nilipoufikia, nikafanya hesabu. Mnara ulizinduliwa tarehe 25 Aprili 1934. Lakini mwaka 1928 serikali ilikuwa imeutangaza mji huo kuwa eneo walilokatazwa wenyeji wa asili, na marufuku hiyo ikadumu hadi miaka ya 1960. Yaani siku watu walipokusanyika kilimani kuwakumbuka waliopigania nchi, wenye kilima hawakuwa huru hata kuingia mjini! Fikirini hapo kidogo. Msikimbilie kuandika, fikirini.

Kuna atakayesema, “Mwalimu, unawavunjia heshima marehemu.” Hapana. Nilivua kofia, nikasimama kimya mbele ya mnara ule. Wale vijana walikufa mbali na kwao, na msiba ni msiba. Kaka yake babu yangu alichukuliwa upagazi katika vita hivyohivyo, na mpaka leo kwetu hatuna kaburi lake wala hatujui alianguka wapi. Mimi ndiye nidharau kumbukumbu?

Mwingine atauliza Australia inatuhusu nini. Manowari Pioneer, ya Australia, ilikuwa hapa kwenye pwani yetu mwaka 1915, kwenye mzingiro wa Königsberg, manowari ya Wajerumani, pale Rufiji. Inatuhusu.

Tena kuna Vita ya Pili ya Dunia. Darwin, mji wa bandari kaskazini mwa Australia, ilipopigwa mabomu tarehe 19 Februari 1942, Alice Springs ikawa ghala la jeshi, maana reli kutoka kusini iliishia hapo. Jeshi likawaajiri wenyeji wa asili kwa kazi za mikono: kupakia, kupakua, kukata kuni. Mnaotoka Kariakoo hamhitaji kuelezwa. Jina la mtaa wenu ndilo jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps kwa Kiingereza, ila muuza vitenge pale ukimuuliza hajui, na si kosa lake, ni letu sisi walimu.

Nilitaka kuzungumzia kilima kingine cha vita, Salaita, kule Taveta, na namna waongoza watalii wanavyofundishwa, lakini naona mwenyekiti anatazama saa. Salaita itasubiri.

Basi fanyeni hivi. Kesho saa mbili asubuhi tukutane Posta, kwenye sanamu la Askari, la kumbukumbu ya vita ile ya kwanza. Ninyi mnapita pale kila siku na daladala. Liliwekwa mwaka 1927, na maandishi yake yako kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Upande wa Kiswahili unawataja wapagazi. Nataka kila mmoja ausome kwa sauti, kisha anitajie jina la mpagazi mmoja wa ukoo wake. Usiku huu pigeni simu nyumbani, muulizeni bibi kabla hajalala.